Ulimi wa Kuazima

Mwisho wa mwezi duka lile kubwa huwa halipitiki. Vigari vya kubebea bidhaa vinagonga watu visigino, watoto wanagaragara chini wakidai peremende, na spika ya darini inamtafuta mtu aliyeegesha gari vibaya tangu mchana. Katikati ya zogo hilo, kwenye njia nyembamba ya biskuti, dada mmoja alikuwa amesimama kama nguzo ya umeme, pakiti imemgusa pua, na msururu nyuma yake unazidi kurefuka.

Alivaa gauni la kijani lenye vifungo vya mbao, kilemba cha kitambaa hichohicho, na raba za turubai. Viatu vya ngozi alishavigawa. Tutafika huko.

"Samahani, dada," sauti ikasema nyuma yake. "Hiyo ni biskuti au mkataba wa nyumba?"

Aligeuka akiwa na jibu kali mdomoni. Akakutana na kijana mrefu, ovaroli ya bluu ameivua nusu na kuifunga mikono kiunoni, fulana nyeupe, bisibisi imechungulia mfukoni kama kalamu ya mwalimu.

"Kama una haraka, pita juu," akamwambia.

"Haraka ninayo. Mabawa ndiyo sina."

Dada akajikuta anatabasamu bila kutaka. Akaeleza kwamba herufi ni ndogo na yeye anatafuta kama ndani ya biskuti kuna maziwa. Kijana akamwonyesha kwa upole kwamba maziwa yako kule kwenye majokofu, tena ya kila aina.

"Nayatafuta ili niyakimbie," dada akasema.

Kijana akaipokea pakiti, akaisoma kwa sauti ya karani wa mahakama: unga, sukari, mafuta, chumvi, na mwisho kabisa, unga wa maziwa, umejificha mkiani kama mtoro wa shule. Wakairudisha. Wakasoma ya pili, ya tatu, mpaka wakamaliza rafu nzima, na watu wenye vigari vyao wakaamua kuzunguka njia nyingine. Walipata aina moja tu isiyo na maziwa wala yai, nayo ilikuwa kavu kama salamu za wifi.

Kwenye foleni ya kulipa ndipo walipogundua kwamba wanafanya kazi jengo moja, lile refu la ofisi. Dada ni mpishi wa kantini ya chini. Kijana ni fundi wa lifti.

"Kumbe wewe ndiye unayetulisha," kijana akasema.

"Na wewe ndiye unayetufungia humo ndani."

Kesho yake Lifti, maana jengo zima lilimwita hivyo, alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la kantini, ovaroli imepigwa pasi. Ovaroli, jamani, imepigwa pasi.

Kazini dada huyu walimwita Majani. Nyama aliiacha tangu shuleni, na hilo halikumkera mtu. Sahani ikija unaisogeza nyama pembeni, jirani anaichukua, urafiki unaanza. Lakini siku moja kantini iliwapeleka wapishi kulitembelea shamba linalowauzia maziwa. Wenzake walirudi na picha. Yeye alirudi na sauti ya ndama aliyetengwa na mama yake, huyu analia upande huu wa ukuta, yule anaitikia upande ule. Hakumhubiria mtu. Aliacha tu kimyakimya: maziwa, siagi, jibini, mayai, mpaka asali, mpaka viatu vya ngozi.

Hapo ndipo akajua hajui. Kuachana na nyama kulikuwa kumuaga mgeni. Kuachana na maziwa ni kugombana na ndugu mnayelala naye chumba kimoja. Nyama angalau unaiona. Maziwa hujificha kwenye mkate, kwenye majarini, kwenye supu ya pakiti iliyochorwa karoti tupu. Chai ndiyo iliyomtesa zaidi. Aliijaribu na maziwa ya soya, yakakatika vipande vipande kikombeni, akainywa kwa macho yaliyofumbwa kama dawa ya minyoo. Na jibini alikuwa akiiota. Amelala zake, inakuja, inakaa ukingoni mwa kitanda, inamwita kwa jina.

Mama yake alipopata habari alipiga simu bila hata kusalimia.

"Ulipoacha nyama nilinyamaza," akasema. "Sasa maziwa yamekukosea nini? Mimi nilikunyonyesha, hukuniuliza swali."

Majani akacheka. Mama hakucheka. Akamsomea somo refu kuhusu mifupa, damu na uzazi, kisha akamalizia na lile lililoingia ndani kabisa: ni mwanaume gani atakaa na mke ambaye hawezi kuonja hata chai anayomtengea?

Kazini nako moto uliwaka. Majani alisimamia vyakula vyote visivyo na nyama: supu za krimu, viazi vya kuponda, michuzi mizito, kastadi. Na kantini ile ilikuwa na sheria yake. Aliyepika ndiye anayeonja, akiridhika anakilaza kijiko kifudifudi juu ya mfuniko. Kijiko kisipolala, dirisha halifunguliwi. Majani akawa anapika kwa kukisia na kulaza kijiko kikavu. Haikupita wiki, viazi vikarudi jikoni karibu vyote. Chumvi ilikuwa imeingia mara mbili.

Meneja, mama wa miwani yenye mnyororo, alimwita pembeni.

"Mpishi asiyeonja ni dereva aliyefumba macho," akamwambia. "Ulaji wako na dini yako siingilii. Lakini sufuria nyingine ikirudi, utachagua mwenyewe. Uonje, au uuache mwiko wangu."

Nani wa kumwonjea? Mpishi wa nyama, aliyekuwa na jiko lake upande wa pili, ulimi wake ulikaushwa na tumbaku, kwake hata bahari imepungukiwa chumvi. Alibaki Povu, muosha vyombo, mwenye vishimo mashavuni na glavu za njano hadi viwikoni. Lakini Povu na Majani walikuwa hawasemeshani tangu siku Povu alipomuuliza, mbele ya kantini iliyojaa, kama siku hizi anacheua. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Afadhali kufukuzwa kazi kuliko kumwomba yule.

Lifti alizipata habari hizo akiwa anakula. Alikuwa mlaji mzuri, kila siku sahani inarudi safi, kila siku anashukuru kama aliyepewa urithi.

"Nitakuazima wangu," akasema.

"Wako nini?"

"Ulimi."

Halafu akasikia alichokisema, masikio yakamwiva, akajifanya anaitwa kwenye simu.

Basi ikawa hivyo. Kabla ya chakula cha mchana Lifti anashuka, anapewa bakuli dogo na kijiko, anatoka nalo kwenye ujia wa nyuma. Alisema ulimi wake una haya, hauwezi kufanya kazi ukitazamwa. Anarudi na hukumu. Krimu imezidi, chumvi imekimbia. Kastadi inataka sukari kiasi, halafu iachwe ipumzike kama mzazi. Hakuwahi kukosea. Watu wakaanza kuomba nyongeza, meneja akaanza kutabasamu, na Majani akaanza kuvaa hereni kazini.

Jioni simu zao zilikuwa ndefu kuliko sababu zake.

"Umekula nini, kipenzi?" Majani anauliza.

"Kitu cha moto."

"Kitu cha moto ndiyo chakula gani?"

"Cha moto, halafu ndani kilaini. Wewe je, malkia?"

Majani anamweleza dengu zake, naye Lifti anauliza maswali ya ajabu: zinapasuka ukizitafuna, au zinateleza? Kitunguu kinalia au kimenyamaza? Majani akaamini kwamba hivyo ndivyo wenye ndimi za thamani wanavyozungumza. Akaanza hata kupanga maneno ya kumwambia mama yake.

Sasa siku hiyo, Lifti katoka na bakuli lake, Majani akagundua amesahau kumpa kitambaa, na bakuli lina moto. Akamfuata kwenye ujia. Mlango wa chumba cha kuoshea vyombo ulikuwa wazi nusu. Ndani, Povu amesimama na glavu zake zinazotiririka maji, amefumba macho, na Lifti, Lifti yule yule, anamlisha. Kijiko hicho, polepole, mpaka mdomoni. Povu akalambalamba midomo, akanong'ona kitu. Lifti akamwambia, na hili Majani alilisikia vizuri kabisa, "Ningefanya nini bila wewe?" Povu akacheka, akampaka povu la sabuni shavuni.

Majani akarudi jikoni kwa miguu isiyokuwa yake. Lifti alipokuja, shavu limefutwa, alisema malkia chumvi kidogo tu na mambo yametimia. Majani akatia chumvi, akalaza kijiko. Alipoulizwa mbona macho mekundu, akasingizia vitunguu, na siku hiyo hakuna aliyekata kitunguu.

Watu walipomaliza kula, alijifungia kwenye chumba cha baridi. Jibini ilikuwa pale, kwenye rafu, kipande kizima. Akakata pande kama mche wa sabuni, akalila akiwa amesimama, mvuke unamtoka mdomoni, machozi yanapoa kabla hayajafika kidevuni. Haikuwa tamu kama ile ya ndotoni. Ilikuwa na chumvi, na nusu ya chumvi hiyo ilikuwa yake mwenyewe.

Jioni simu iliita mpaka ikachoka. Majani alikuwa ameilalia.

Kesho yake ilikuwa siku ya kujikwaa vibaya. Mabosi wa ghorofa ya juu walikuwa na wageni, na meneja alitaka supu ya uyoga na krimu, kisha kastadi, vyote mkononi mwa Majani. Lifti akashuka mapema, ovaroli haijapigwa pasi, macho ya mtu ambaye hakulala. Akanyoosha mkono apewe bakuli. Majani hakulitoa.

"Leo ulimi wako upumzike," akasema. "Najua unapofanyia kazi."

Lifti akafungua mdomo, na simu yake ya kazi ikalia. Lifti kubwa imekwama katikati ya ghorofa, imejaa watu. Akamtazama Majani, akaitazama simu, akakimbia.

Majani akabaki na sufuria. Supu inapumua, uyoga umeiva, harufu ya siagi inamzunguka kama jirani mwenye umbea. Meneja alishapita mara moja akitafuta kijiko kilicholala, akairekebisha miwani, akaondoka. Majani akachota. Tone moja, akajiambia. Tone moja na kazi imepona. Na jana si tayari nimeanguka? Mchovya asali hachovyi mara moja, walishasema wahenga, na yeye asali yenyewe alishaiacha. Ndama akamjia masikioni. Mama yake naye akaja, kisha Lifti na kijiko chake. Mkono ukapanda mpaka kidevuni.

"Kiweke chini," Povu akasema.

Alikuwa mlangoni, glavu moja mkononi, moja haipo, simu sikioni.

"Wewe ndiye mtu wa mwisho kuniambia niweke kitu chini," Majani akajibu.

"Jana niliona pindo la gauni la kijani likigeuka pale ujiani. Nikamwambia huyu mtu wako, nenda kaseme. Akasema atasema kesho. Kesho ndiyo hii, na yeye yuko juu ya paa la lifti, amenipigia mimi kwa sababu yako umeizima." Akabonyeza simu, akaiweka mezani kati ya chumvi na pilipili manga. "Haya, shemeji. Anakusikia."

Kwanza ikatoka kelele ya chuma, kisha sauti ya Lifti, inahema.

"Majani. Mimi sina ladha."

"Hilo nimeshaliona."

"Hapana, sikiliza. Sina ladha mdomoni. Tangu yale mafua makubwa ya mwaka juzi. Chumvi, sukari, sabuni, kwangu vyote ni ndugu wa tumbo moja."

"Sabuni ni kweli," Povu akasema. "Nilimjaribu. Alikunywa kijiko cha maji ya vyombo, akasema supu leo ni nyepesi."

Majani alimtazama Povu, akaitazama simu. "Sasa zile hukumu zote? Krimu imezidi, chumvi imekimbia?"

"Za huyo. Ninampelekea, anaonja, ananiambia, nakuletea. Mikono yake ina sabuni, ndiyo maana ilibidi nimlishe. Ulimi wake ni mkali."

"Huo ukali naujua," Majani akasema.

"Ulikuwa unatafuta ulimi," Lifti akaendelea, na sauti ikashuka. "Mtu anayetafuta ulimi, utamwambiaje wewe unao wa kuongelea tu? Nikasema nikupe mmoja, nipate sababu ya kushuka kila siku. Na nikajua ukisikia ni wa Povu, utautema."

"Na lile la ningefanya nini bila wewe?"

"Ningefanya nini? Ningekupoteza wewe."

Halafu ndani ya simu, kutoka chini ya miguu ya Lifti, ikasikika sauti ya mzee fulani aliyefungiwa humo. Akasema binti, kijana anaonekana mkweli, na sisi tulioko humu, tangu asubuhi hatujatia kitu tumboni, tafadhali amueni. Mwanamke mmoja akaongeza kwamba mume wake mwenyewe ladha anayo na hajawahi kushukuru hata mara moja.

"Hao ni nani?" Majani akauliza.

"Wageni wa mabosi," Lifti akasema. "Nawatoa sasa hivi. Ila nilisema siwatoi kabla hujanisikia."

Hapo Majani akakalia gunia la viazi, akaanza kucheka. Akacheka mpaka kilemba kikamteleza kwenye sikio, akacheka mpaka Povu naye akashika ukuta. Hakukuwa na mwanamke mwingine. Kulikuwa na kijiko, mwanaume asiyejua supu na maji ya vyombo, na mwanamke mwenye glavu aliyemwonjea kila siku bila kupewa hata shukrani.

"Watoe watu," akaiambia simu. "Wana njaa."

Kisha akamnyooshea Povu kijiko. Povu akaonja, akakunja uso.

"Chumvi hakuna kabisa. Umepika kwa hasira, shoga. Hasira haina chumvi."

"Mbona uliniita mbuzi?"

"Sikukuita mbuzi, niliuliza tu." Povu akavua glavu iliyobaki. "Na sikudhani utafika mbali. Mimi nilijaribu kuacha sukari, nikaishia siku ile ile kabla ya chai ya pili. Nilikuonea wivu."

Wageni walitoka kwenye lifti wakiwa wametota jasho na njaa ya kweli, na njaa, kama mnavyojua, ni mpishi msaidizi. Sufuria zikarudi zinang'aa. Meneja akataka kujua tangu lini muosha vyombo anaonja. Majani akamwambia tangu siku nyingi, yeye Majani tu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuarifiwa, na kila supu iliyosifiwa mezani ilipita kwenye ulimi ule. Meneja akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema kuanzia kesho Povu aonje akiwa amevua glavu, na mambo ya kufichana ujiani yaishie hapo.

Alasiri, kantini ikiwa tupu na viti vimepandishwa juu ya meza, Lifti alikuja na grisi mpaka nyusi. Alikaa kwenye benchi la nyuma kama anayesubiri hukumu. Majani akamtilia chakula chake mwenyewe, dengu na viazi alivyojipikia, visivyomwomba mnyama ruhusa.

"Niambie," akasema. "Ukila hiki unasikia nini? Kweli tupu."

Lifti akatafuna kwa makini. "Cha moto. Viazi vimejiachia. Dengu zinapasuka kidogo, halafu kuna kitunguu ambacho hakijaiva sana, kinapiga kelele."

"Hakijaiva kweli," Majani akakiri. "Na mimi nina la kwangu. Jana nilikula jibini. Pande kubwa."

"Ilikuwa tamu?"

"Hapana." Akafikiri. "Ndiyo. Kiasi."

"Utakula tena?"

"Sijui. Leo sijala."

"Basi leo hujala," Lifti akasema, akarudi kwenye dengu zake, na neno hilo likamtua Majani begani jepesi kuliko mahubiri yote aliyowahi kujihubiria.

Akamtazama akila. "Yaani hujawahi kuonja chakula changu hata mara moja. Ulikuwa unafuata nini humu?"

"Pale dirishani huwa unaniuliza kama nimeshiba, na unasubiri jibu. Wengine wanauliza huku wanamhudumia mtu anayefuata." Akakisugua kijiko kwa kidole cha gumba. "Nataka uendelee kuniuliza. Nyumbani. Jikoni kwako hakuna maziwa, sawa. Hakuna yai, sawa. Kila kitu kitakuwa cha moto na wewe utakuwepo. Niolewe na nani mwingine mimi?"

"Mwanaume haolewi, anaoa."

"Basi nioe."

Majani akajiweka sawa kilemba ambacho hakikuwa kimepinda. "Na siku ladha ikirudi, ukajua kumbe ulikuwa unakula nini?"

"Itanikuta nimeshaoa."

Majani akachukua mwiko, akamwongezea dengu mpaka sahani ikajaa ukingo.

"Basi maliza hizo," akasema. "Mwembamba hivyo, suti ya harusi itakuvaa wewe."